Linazima Likitaka

Lilizima tena Ihumwa, kwenye tuta la tatu,
kreti kumi na nane za zabibu za Hombolo mgongoni,
saa saba mchana.
Halikukohoa, halikutoa moshi.
Redio ilikatika katikati ya tangazo la msiba,
mshale wa spidi ukalala, usukani ukawa jiwe,
nami, mwanaume wa kilo tisini na nane,
nikabaki naubembeleza ufunguo
kama mtoto aliyegoma uji.
Dakika kumi. Kisha likawaka,
likawaka kana kwamba mimi ndiye niliyesinzia.

Nilishabadili betri, mpya, ya mkopo.
Nilishabadili pampu ya mafuta na plagi zote nne.
Fundi wa Majengo alisema kompyuta, akala laki na nusu.
Fundi wa Kizota alisema altaneta.
Mama mkwe alisema: kumbuka nani alinuna siku ulipolileta.
Kila mtu alikuwa na jibu
kabla sijamaliza swali.

Sechelela hakuwa na jibu.
Gereji yake pale Nkuhungu ni mabati manne na turubai,
ovaroli yake ina jina la kampuni iliyokwisha hama.
Aliuliza kama muuguzi wa zahanati:
Huzima likichemka, au hata asubuhi?
Kwenye lami tupu, au kwenye matuta?
Redio hutangulia kufa, au hufa pamoja na injini?
Pamoja, nikasema.
"Basi tuiache injini. Haina kosa.
Kuna mahali wote wamenyimwa chakula kwa mpigo."

Akapima betri: kumi na mbili na nusu.
"Hii nzima. Na ile uliyoitupa, nayo ilikuwa nzima."
Hakucheka. Afadhali angecheka.

Akaniambia niwashe.
Akaanza kutikisa waya mmoja mmoja, kwa vidole viwili,
kama mtu anayepapasa karanga udongoni
kujua zimekomaa au bado.
Waya wa swichi: injini inanguruma.
Fyuzi kubwa: inanguruma.
Kichwa cha altaneta: inanguruma.
Akazamisha mkono chini ya betri,
pale waya mweusi unapofungwa kwenye bodi,
akaugusa.

Kimya.
Ndipo nikasikia kumbe jirani ana cherehani.

"Athi," akasema.
Akaweka ncha ya mita kwenye hasi, ncha ya pili kwenye bati,
nikawasha taa.
"Volti tatu zinaishia hapa. Umeme si kwenda tu, kaka,
lazima upate njia ya kurudi.
Ukiikosa, hata kuondoka hauondoki."

Spana namba kumi. Bolti ikatoka kwa mkono.
Chini yake hapakuwa na bati.
Palikuwa na rangi ya bluu, nene, inayong'aa.
"Nani alipaka hapa?"

Nikatazama kucha zangu.

Ilikuwa Agosti, wiki ya harusi ya mdogo wangu Ndahani.
Nilitaka atakayefungua boneti aone gari la mtu wa maana.
Nilipaka hadi kona ambazo nzi hafiki,
kisha nikaurudisha waya juu ya rangi mbichi
na kuufunga kwa haraka, kwa sababu wageni wa Kondoa
walikuwa wameshafika stendi.

Sechelela alisugua kwa msasa
hadi duara moja la bati likawa jeupe, dogo kama sarafu.
Akakaza. Akapaka grisi juu.
Elfu saba. Nikampa kumi, akarudisha tatu,
akageukia bajaji iliyokuwa ikingoja.

Zabibu zilikuwa zimeanza kutoa mvinyo wake,
nyuki wakanisindikiza hadi sokoni.
Mama mkwe bado anauliza mchawi ni nani.
Sijamwambia.

Jioni nililirudisha Ihumwa, tupu, makusudi.
Tuta la kwanza. La pili.
La tatu nililivaa bila kukanyaga breki,
na redio ikaendelea: wa Kigwe, mazishi kesho saa nane,
habari ziwafikie wajomba walioko Manyoni na Itigi,
na wote, wote, hadi jina la mwisho.